Kurudi Johto: kaseti ya Crystal, Crystal ya 3DS, au HeartGold?

Anayetaka kurudia safari ya Johto, eneo la gemu za Pokémon Gold, Silver na Crystal, kwenye konsoli ya mkononi ana njia tatu zenye maana. Ya kwanza ni kaseti ya Pokémon Crystal ya Game Boy Color, iliyotoka Japani Desemba 2000 na kufika Marekani na Ulaya mwaka 2001. Ya pili ni Crystal hiyohiyo kama faili la kupakua, iliyoanza kuuzwa kwenye Nintendo 3DS tarehe 26 Januari 2018. Ya tatu ni HeartGold au SoulSilver za Nintendo DS, ambazo ni Gold na Silver zilizotengenezwa upya; zilitoka Japani Septemba 2009 na Marekani na Ulaya Machi 2010. Kaseti za Gold na Silver zenyewe tunaziacha kando, kwa kuwa karibu kila zuri lililomo humo limo pia ndani ya Crystal, na tatizo lao la betri ni lilelile.

Ramani ni moja, viongozi wa jimu (kumbi za mapigano ambako unashinda beji) ni walewale, na beji ni 16: nane za Johto, nane za Kanto, eneo jirani la nusu ya pili ya gemu. Watu wengi huanza kulinganisha picha, na picha ndicho kitu cha mwisho cha kukiangalia. Anza na sevu, yaani maendeleo uliyohifadhi: inakaa wapi na inashikiliwa na nini. Kisha tazama kanuni za mapigano, maana zimebadilika kiasi kwamba timu uliyoshinda nayo ukiwa shule inaweza kuwa mzigo kwenye toleo jingine.

Sevu inakaa wapi

Ndani ya kaseti ya Crystal sevu iko kwenye kumbukumbu aina ya SRAM, ambayo inakumbuka kitu pale tu inapopata umeme. Umeme huo unatoka kwenye betri ya kifungo aina ya CR2025 iliyolehemewa kwenye bodi. Betri hiyohiyo inaendesha saa ya gemu, ile inayofanya Hoothoot atoke usiku na Lapras aonekane Union Cave siku ya Ijumaa. Saa inakula umeme muda wote, hata kaseti ikiwa kabatini, na ndiyo sababu Gold, Silver na Crystal hufa betri mapema kuliko gemu za awali za Red na Blue ambazo hazina saa. Kaseti hizi sasa zina takribani miaka 25. Ukiipata yenye betri ya kiwandani, ihesabu kuwa imekufa au inakaribia.

Dalili ni moja: unasevu, unazima, unawasha, na neno CONTINUE halipo. Betri iliyochoka nusu ni mbaya zaidi kuliko iliyokufa kabisa. Itasevu leo, itasevu kesho, halafu baada ya wiki mbili kabatini yote yameondoka. Kwa hiyo kusevu na kuwasha tena papo hapo mbele ya muuzaji hakuthibitishi chochote.

HeartGold haina hofu hiyo. Sevu yake iko kwenye kumbukumbu ya flashi isiyohitaji betri, na saa inachukuliwa kutoka kwenye konsoli. Kaseti halali inaweza kukaa miaka kumi drooni na ukakuta kila kitu kilivyokuwa. Kinachoshinda watu ni kitu kingine: kaseti ya mtumba huwa na sevu ya mmiliki wa kwanza, na gemu hii haikuruhusu kuandika juu yake. Utachagua kuanza upya, utacheza saa mbili, na ukitaka kusevu utakataliwa. Lazima uifute kwanza: kwenye skrini ya jina la gemu bonyeza Juu, SELECT na B kwa pamoja, kisha ukubali. Kabla ya kufuta, chungulia kilichomo. Si ajabu kumkuta Celebi, Pokémon adimu aliyegawiwa kwenye matukio ya mwaka 2011, amekaa kwenye boksi la mtu asiyejua thamani yake.

Kwa Crystal ya 3DS, sevu na gemu yenyewe viko kwenye kadi ya SD, lakini vimefungwa kwenye konsoli ile. Duka la 3DS lilifunga mauzo tarehe 27 Machi 2023. Aliyekwisha kuinunua bado anaweza kuipakua tena kwa akaunti ileile. Ambaye hakuinunua hawezi kuipata tena kwa njia ya duka. Ukinunua 3DS ya mtumba yenye Crystal ndani, usiifomati kwa kudhani unaisafisha: gemu itaondoka nayo. Na usitegemee kurudi nyuma ukikosea. Michezo mingine ya zamani kwenye 3DS ina sehemu ya kushika hali ya mchezo popote. Kwenye Pokémon sehemu hiyo imezimwa.

Kubadilisha betri ya Crystal

Kazi hii ni ya dakika 20 kwa mtu mwenye mkono wa kulehemu, na fundi simu yeyote wa Kariakoo au Luthuli Avenue ana vifaa vyake isipokuwa kimoja: bisibisi ya gamebit ya 3.8 mm. Skrubu ya nyuma ya kaseti haifunguki kwa bisibisi ya kawaida, na wanaolazimisha kwa koleo huishia kuvunja ganda la bluu lenye vimetameta, ambalo ni nusu ya uzuri wa Crystal.

Nunua CR2025 yenye masikio ya chuma yaliyokwisha kuchomelewa kiwandani. Usilehemu moja kwa moja kwenye betri tupu. Joto linaweza kuipasua. Wapo wanaoweka CR2032 kwa sababu ina uwezo mkubwa zaidi, nayo inafanya kazi kwa kuwa zote ni volti 3, ila unene wake ni 3.2 mm badala ya 2.5 mm na ganda linaweza kukataa kufunga vizuri.

Kama sevu ya zamani bado ipo na unaitaka, itoe kwanza kwa kisomaji cha kaseti kama GBxCart RW kinachounganishwa na kompyuta. Ukishaitoa betri, sevu imeondoka. Piga picha ya bodi ili ukumbuke upande wa chanya. Weka joto la chuma cha kulehemu kati ya nyuzi 320 na 350, yeyusha risasi hadi sikio liachie lenyewe, na usilikwangue wala kulivuta: ukilivuta likiwa limeshika, utang'oa na kipande cha shaba cha bodi, na hapo kazi ya dakika 20 inakuwa ya siku nzima. Lehemu mpya, funga, anza gemu, sevu, kisha toa kaseti kwenye konsoli na uiache mpaka kesho yake. Ikikumbuka, una miaka kumi na zaidi mbele.

Ushauri wa kubandika betri kwa seloteepu ukatae. Kaseti ikidondoka au ikitikiswa ndani ya begi, mguso unakatika kwa sehemu ndogo ya sekunde, na sehemu hiyo ndogo inatosha kufuta sevu yote.

Mapigano: hapa ndipo gemu mbili zinapoachana

Katika Crystal, aina ya shambulio ndiyo inayoamua kama linatumia nguvu ya mwili au nguvu maalumu. Moto, maji, majani, umeme, barafu, saikiki, joka na giza ni maalumu yote. Zilizobaki, pamoja na mizuka, ni za mwili. Kuanzia kizazi cha nne cha gemu za Pokémon, na HeartGold ikiwamo, kila shambulio lina upande wake lenyewe.

Ukisoma sentensi hizo haraka zinaonekana ni za wanahesabu. Mweke Feraligatr mezani uone. Attack yake (nguvu ya mwili) ni 105, Special Attack (nguvu maalumu) ni 79. Ndani ya Crystal mashambulizi yake yote ya maji, ya barafu, na hata kung'ata kwa Bite na Crunch, yanatumia ile 79, kwa hiyo mamba mwenye taya nzito anapiga kama mtu wa wastani. Ndani ya HeartGold, Waterfall yenye nguvu 80 inatumia 105, na Crunch vilevile. Ni Pokémon mwingine kabisa. Sneasel ndiye aliyeonewa kuliko wote: aina zake ni giza na barafu, zote maalumu katika Crystal, naye Special Attack yake ni 35 huku Attack ya 95 ikikaa bure. Gengar naye alikuwa na Special Attack ya 130 lakini Shadow Ball, shambulio la mizuka, ilitegemea Attack yake ya 65.

Usidhani kanuni mpya ni bora kwa kila mtu. Crystal ina ujanja wake ambao HeartGold imeufuta. Duka kubwa la mji wa Goldenrod linauza TM (vifaa vya kufundishia mashambulizi) za Fire Punch, Ice Punch na ThunderPunch kwa 3,000 kila moja, na kwa kuwa ngumi hizo ni maalumu, Kadabra au Alakazam anakuwa na moto, barafu na umeme mapema kabisa katika safari. Ndani ya HeartGold ngumi hizo si TM tena, ni za mwili, na zinafundishwa Battle Frontier, eneo la mapigano ya ziada, baada ya ligi, yaani mapigano ya ubingwa. Anayependa kuvunja gemu mapema atafurahia Crystal zaidi.

Kingine: Crystal haina uwezo wa kuzaliwa wala tabia. Gengar wa HeartGold ana uwezo wa kuelea, Levitate, na Earthquake inampita chini. Wa Crystal anakula pigo lote.

Whitney, matoleo mawili

Jimu ya tatu, ya Goldenrod, inaonyesha tofauti vizuri kuliko maelezo yoyote. Miltank wa Whitney, kiongozi wa jimu hiyo, ana Rollout, Attract, Stomp na Milk Drink katika matoleo yote. Rollout inaanza na nguvu 30 na kuzidishwa mara mbili kila ikipiga mfululizo: 30, 60, 120, 240, 480. Ikifika pigo la nne hakuna wa kusimama. Milk Drink inamrudishia nusu ya uhai, na Attract inawafunga Pokémon wako wa kiume.

Katika Crystal Miltank ana leveli 20. Gastly hapigwi na Stomp hata kidogo, na akimlaza kwa Hypnosis, amelala. Kazi inabaki kumaliza uhai wake kabla hajaamka.

Katika HeartGold ameshushwa hadi leveli 19, na mtu akiona namba hiyo anadhani amerahisishiwa. Thubutu. Ana uwezo wa Scrappy, unaofanya mashambulizi ya kawaida yawafikie hata mizuka, kwa hiyo Gastly wako anakanyagwa na Stomp. Tena ameshika tunda la Lum Berry: usingizi wa kwanza unatibiwa papo hapo, na umepoteza zamu.

Dawa inayofanya kazi kote ni Geodude wa kike. Aina za mwamba na ardhi zinapunguza Stomp kwa nusu na Rollout kwa nusu, na jinsia yake inaifanya Attract isimguse. Machop wa kubadilishana ghorofa ya tano ya duka la Goldenrod anasaidia pia, ila kumbuka bei imebadilika: Crystal inataka Abra, HeartGold inataka Drowzee.

Maisha ya kila siku ndani ya gemu

Crystal inachosha kwa mambo madogo. Hakuna kukimbia, unatembea mpaka upate baiskeli Goldenrod. Mfuko wa vitu una nafasi 20, nao unajaa matunda na maaprikoni kabla hujafika Ecruteak. Maboksi ya kuhifadhi Pokémon ni 14, kila moja Pokémon 20, lakini lililojaa halikupeleki kwenye linalofuata: Bill, msimamizi wa maboksi, anakupigia simu kwamba limejaa, na usipokwenda kulibadilisha mwenyewe kwenye kompyuta, huwezi kukamata tena. Hebu fikiria umemkuta Suicune, Pokémon adimu, timu ina sita, na boksi limejaa.

HeartGold ina viatu vya kukimbia, mfuko usio na kikomo cha kukera, maboksi 18 ya Pokémon 30, na menyu yote iko kwenye skrini ya kugusa ya chini. Pokémon wa kwanza kwenye timu anatembea nyuma yako, jambo lisilobadilisha chochote katika mapigano lakini ndilo watu wanalolikumbuka. Mwishoni mwa Kanto unapewa kifaa cha GB Sounds kinachogeuza muziki wote kuwa ule wa Game Boy.

Kwa upande mwingine, Crystal ina mwendo mwepesi. Weka maandishi FAST na uzime picha za mapigano kwenye OPTION, na pambano la porini linaisha kabla ya HeartGold kumaliza kushusha upau wa uhai. HeartGold pia inachukua muda kusevu kila ukigusa maboksi. Na wanaopenda kamari za Game Corner wajue kwamba matoleo ya HeartGold ya nje ya Japani yameondoa mashine na kuweka Voltorb Flip, mchezo wa mantiki, na sarafu haziuzwi. Crystal unanunua sarafu kwa pesa, unaondoka na Abra, basi.

Kwa muda, Crystal hadi kumshinda Red, mpinzani wa mwisho wa gemu, inachukua takribani saa 25 hadi 35. HeartGold ihesabie 35 hadi 50, zaidi kama utaingia Battle Frontier.

Baada ya ligi

Udhaifu wa zamani wa Johto ni leveli. Baada ya Ecruteak unaweza kufuata jimu kadhaa kwa mpangilio unaoutaka, kwa hiyo watengenezaji wameziweka zote karibu leveli moja, na Pokémon wa porini hawapandi. Lance, bingwa wa ligi, anakusubiri na Dragonite watatu, wawili wana leveli 47 ndani ya Crystal, ingawa Dragonair habadiliki kuwa Dragonite kabla ya 55.

Shida yenyewe iko Mt. Silver. Ndani ya Crystal mpinzani mgumu wa mwisho Kanto, Blue, ana Pokémon wa juu kabisa wa leveli 58. Anayefuata ni Red, ambaye Pikachu wake ana 81. Kati ya 58 na 81 hakuna kitu isipokuwa kurudia ligi yenye leveli zilezile mara kwa mara. Ni saa nyingi za kazi bila tukio.

HeartGold imempandisha Red zaidi, Pikachu 88, lakini imejaza pengo. Ukiwa na beji zote ligi inarudi na nguvu mpya, Dragonite wa Lance akifika 75, na viongozi wa jimu wanaweza kupigiwa simu waje kurudiana kwenye Fighting Dojo ya Saffron. Kanto yenyewe imerudishiwa viungo vilivyokatwa: Viridian Forest ni msitu tena badala ya njia, na Cerulean Cave ipo. Kama sababu yako ya kurudi ni nusu ya pili ya gemu, HeartGold inashinda bila mjadala.

Crystal ya 3DS ina karata moja ambayo nyingine hazina: Celebi. Katika kaseti za nje ya Japani tukio lake lilifungwa. Katika toleo la 3DS, baada ya kuishinda ligi unapewa GS Ball kwenye Pokémon Center ya Goldenrod, unampelekea Kurt, fundi wa mipira wa mji wa Azalea, unasubiri siku moja, unairudisha kwenye kibanda cha Ilex Forest, na Celebi wa leveli 30 anatokea. Sevu kabla ya kugusa kibanda. Kwa HeartGold, Celebi alikuwa wa kugawiwa kwenye matukio, na matukio hayo yamekwisha.

Kubadilishana na kuhamisha

| | Kaseti ya Crystal | Crystal ya 3DS | HeartGold/SoulSilver |
|---|---|---|---|
| Kubadilishana | waya, konsoli mbili | bila waya, 3DS mbili zenye gemu | bila waya, DS au 3DS mbili |
| Kuhamia gemu mpya | haiwezekani | Pokémon Bank (huduma ya kuhifadhi Pokémon mtandaoni) moja kwa moja | kwanza Black/White, kisha Bank |
| Mtandao rasmi | haukuwapo nje ya Japani | hakuna | ulizimwa 20 Mei 2014 |

Haunter, Kadabra, Machoke na Graveler bado wanahitaji kubadilishwa ili wafike mwisho, katika toleo lolote. Usiye na mwenzako panga timu bila wao tangu mwanzo. Wapo mashabiki wanaoendesha seva mbadala za mtandao wa DS, lakini kuna kikwazo cha kifaa: DS Lite inaelewa Wi-Fi isiyo na nenosiri au yenye ulinzi wa zamani wa WEP tu, na ruta za leo zinatumia WPA2 au zaidi.

Njia ya HeartGold kwenda mbele ni ndefu: unahitaji konsoli mbili za familia ya DS, kaseti ya Black au White upande wa pili, kisha 3DS yenye Bank iliyokwisha kupakuliwa. Kila hatua ni ya kwenda tu, hakuna kurudi.

Konsoli na chaji

Crystal haiingii kwenye Game Boy ya kwanza ya kijivu, wala Game Boy Micro, wala DS ya aina yoyote. Tundu la chini la DS Lite ni la kaseti za Game Boy Advance peke yake. Inataka Game Boy Color, Game Boy Advance au Advance SP. Game Boy Color inatumia betri mbili za AA na haina taa, kwa hiyo bila jua au balbu ya karibu huoni kitu. Advance SP ya AGS-101 ina skrini yenye taa ya nyuma na ndiyo ya kutafuta. AGS-001 inafanana nayo kwa nje lakini mwanga wake unatoka mbele na ni hafifu. Namba iko kwenye lebo ya nyuma. Mwenye pesa zaidi anaweza kutazama Analogue Pocket, inayosoma kaseti halisi na kuzidisha kila nukta ya 160 kwa 144 mara kumi kamili.

Kwa HeartGold, DS Lite au DSi inaonyesha picha kwa ukubwa wake wa 256 kwa 192. 3DS inainyoosha hadi 320 kwa 240 na herufi zinapata ukungu. Shikilia START au SELECT wakati wa kuifungua, nayo itaonekana ndogo lakini kali. Ujanja huohuo unafanya kazi kwa Crystal ya 3DS.

Angalizo kwa wanaoagiza Japani, ambako konsoli za mtumba ni nyingi na safi. Chaja ya huko mara nyingi imeandikwa INPUT 100V. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, unaiunguza mara ya kwanza, na pengine konsoli pamoja nayo. Iache kwenye boksi, tumia waya wa USB wa aina ya konsoli yako. Advance SP na DS ya kwanza wanatumia plagi moja, DS Lite ina ya peke yake, DSi na 3DS wanashirikiana. Kaseti za Japani nazo zinawaka kwenye DS ya nchi yoyote, ila lugha ni Kijapani tu na hakuna pa kuibadilisha.

Kununua bila kuuziwa bandia

HeartGold iliuzwa Marekani kwa takribani dola 40 pamoja na Pokéwalker, kifaa kidogo cha kuhesabu hatua, ndani ya boksi. Leo kaseti tupu ya mtumba mara nyingi inazidi mara mbili ya bei hiyo, na ndiyo maana bandia zimejaa.

Kipimo cha kwanza ni mwanga. Kaseti halali ya HeartGold na SoulSilver ina kipokezi cha infraredi kwa ajili ya Pokéwalker, na plastiki yake ni nyeusi inayopitisha mwanga. Ielekeze kwenye balbu kali utaona wekundu wa giza. Bandia nyingi ni za kijivu au nyeusi tii. Cha pili ni msimbo wa lebo: HeartGold huwa na herufi IPK, SoulSilver IPG, zikifuatiwa na herufi ya eneo. Msimbo usiolingana na jina, rudisha. Cha tatu ni kuunganisha Pokéwalker, kama ipo. Bandia isiyo na infraredi haiwezi, hata lebo iwe nzuri namna gani. Pokéwalker yenyewe inatumia CR2032, kwa hiyo skrini iliyozimika si lazima iwe imeharibika.

Kwa Crystal, chungulia kwenye mdomo wa kaseti juu ya pini: bodi halali ina neno Nintendo. Lebo ina namba ndogo iliyogandamizwa ambayo inaonekana ukiiinamisha kwenye mwanga. Skrubu ya bisibisi ya nyota ni ishara mbaya, ingawa huenda mtu aliibadilisha akiweka betri. Bandia nyingi hazina saa, na hilo unaligundua usiku usipoingia.

Pini chafu zisafishe kwa pamba ya masikio na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, zikauke dakika chache. Kupuliza kwa mdomo kunaacha mate, na mate yanaleta kutu.

Basi nunua ipi

Kama hujawahi kumaliza Kanto, au ulicheza Gold zamani na unataka gemu ileile bila maudhi yake, nunua HeartGold halali na DS Lite, na usubiri bei nzuri badala ya kuridhika na kaseti ya mashaka. Kati yake na SoulSilver tofauti ni ndogo, kwa hiyo chukua iliyo nafuu siku hiyo. Mwenye 3DS iliyokwisha kuwa na Crystal ndani hana haja ya kutumia senti: acheze hiyo, amchukue Celebi, na ahamishe timu kwenye Bank mapema, kwa kuwa huduma hiyo inaendelea kwa hiari ya kampuni.

Kaseti ya Crystal ni ya mtu anayezitaka kanuni za kale zenyewe, Alakazam wa ngumi tatu, vita vya haraka, na yuko tayari kubadilisha betri au kumlipa fundi. Kwa huyo kuna zawadi ndogo: wazee wa Day-Care (nyumba ya kulelea Pokémon) wa Crystal wanampa yai la Odd Egg, lenye nafasi ya asilimia 14 ya kutoa Pokémon mwenye rangi adimu, wakati nafasi ya kawaida ni 1 kati ya 8,192. Matokeo yanaamuliwa unapopokea yai, si linapoanguliwa, kwa hiyo sevu ukiwa nje ya mlango wao, pokea, angua, na kama rangi ni ya kawaida zima bila kusevu urudie.